Gurudumu la Tano kwenye Kona ya Kingi

Nilijifunza kuendesha gari nikiwa na miaka thelathini na tisa, kwenye kiwanja cha mpira cha Masisi-centre, asubuhi ambazo ukungu ulikuwa mzito hata goli la pili halikuonekana. Mwalimu wangu alikuwa dereva wa jipu letu la chanjo. Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ilikuwa kupeleka chanjo katika masanduku ya barafu, kutoka vilima vya Masisi mpaka vituo vya afya vya Walikale, kule chini msituni, na yeye ndiye aliyenifikisha. Kunifundisha lilikuwa wazo lake. Alisema siku moja anaweza kuugua njiani, na chanjo hazitangoja apone.

Jipu lenyewe lilikuwa limezeekea nchi za baridi kabla ya kuletwa kwetu. Mbele ya usukani palikuwa na taa ndogo ya rangi ya mawese, umbo lake kama chungu kilichokatwa katikati, na ndani yake alama ya mshangao. Ilikuwa taa ya upepo wa matairi. Huku milimani iliwaka karibu kila asubuhi. Tukishateremka na joto kupanda, ilizimika yenyewe bila mtu kugusa kitu. Mara ya kwanza nilipoiona ikizimika hivyo nilimwuliza ni nani ameizima.

"Upepo unasikiaka baridi sawa mutu," aliniambia. "Ku baridi unajikunja, ku joto unajinyoosha. Lakini usizoee ile taa, dada. Kama inawaka, simama. Shuka. Gusa matairi yote ine na mukono yako, kisha njo upime."

Alikuwa na kipimo cha upepo mfukoni, lakini kwanza alitumia kiganja. Alikiweka juu ya tairi na kunyamaza kidogo, jinsi mimi ninavyoweka mkono kwenye paji la uso la mtoto mwenye homa. Nilimcheka mara ngapi sijui. Kisha na mimi nikawa nafanya hivyo hivyo, kwanza kwa kumfurahisha, baadaye kwa mazoea.

Safari ya mwisho tuliyopanga pamoja, aliamka akikohoa. Gurudumu la akiba, sekuru kama tunavyoliita, lilikuwa linavuja polepole, na hakutaka twende nalo msituni likiwa vile. Akasema atashuka kwake Kingi, apumzike siku chache, alizibe mwenyewe. Mimi niendelee na jipu mpaka Walikale. Matairi manne yalikuwa mazuri na njia wakati ule ilikuwa kavu. Nilimpa vidonge. Nilimwambia aende hospitali. Alishuka na lile gurudumu, akalisukuma mbele yake kama watoto wanavyosukuma ringi, akapotea nyuma ya kona pamoja na kikohozi chake. Mimi ni muuguzi, nilikuwa na kifaa cha kusikiliza kifua ndani ya mfuko wangu, na sikukitoa.

Nilifika Walikale vizuri. Kituo cha kule kilinipa sekuru nyingine, kuukuu, kutoka gari lao lililokufa. Siku mbili baadaye tukasikia mapigano nyuma yetu, na barabara ikafungwa. Nilikaa mwezi mzima na zaidi. Simu hazikupita. Habari zilikuja kwa fonie, ile redio ya mawasiliano ya kituo, na kwa njia hiyo, kati ya orodha ya dawa na majina ya vijiji vilivyohama, sauti ya mtu nisiyemjua ikanisomea kwamba dereva wetu amekufa, na kwamba amekwisha kuzikwa. Nilimwomba arudie. Alirudia kwa maneno yale yale, kisha akaendelea na orodha ya dawa.

Barabara ilipofunguliwa nilipanda nikiendesha mwenyewe, pamoja na mchanjaji mmoja wa Walikale, mtu mzima tuliyemwita Papa, yaani baba, Mkristo wa kila Jumapili, ambaye babu zake walikuwa wawindaji. Tulilala njiani na kuondoka alfajiri. Kadiri tulivyopanda, ndivyo baridi ilivyozidi. Mikaratusi ilidondosha maji barabarani ingawa mvua haikunyesha. Ng'ombe walijitokeza ndani ya ukungu nusu nusu, kichwa bila mwili, mgongo bila miguu. Nilikuwa nimepima matairi usiku uliopita na kuongeza upepo kwa ajili ya baridi, kama nilivyofundishwa, kwa hiyo taa ilikaa kimya karibu njia nzima.

Karibu na Kingi, kwenye kona ambapo barabara inabana chini ya kingo ya udongo, ikawaka.

Nilisimama. Nilishuka. Niligusa matairi yote manne. Yalikuwa baridi na magumu. Nilipima: yote sawasawa. Nilifungua nyuma nikapima na ile sekuru kuukuu. Nayo ilikuwa salama. Papa alibaki ndani akinitazama kupitia kioo. Hapakuwa na sauti yoyote, hata ya ndege. Nilipoinama kwenye tairi la nne nilihisi wazi kwamba kuna mtu ananitazama, si Papa, mtu mwingine aliye juu yangu, na nilipoinua macho sikuona ila ukungu na manyasi marefu ya kingo.

Tukaondoka. Hatua chache tu mbele, kama umbali wa kumtupia mtu jiwe, taa ikazimika.

"Umeirekebisha?" Papa aliuliza.

"Sijagusa kitu."

Aliendelea kuitazama ile taa mpaka Masisi-centre.

Ningesahau kama isingetokea tena. Safari iliyofuata, alfajiri, kona ile ile, ikawaka. Hatua chache mbele ikazimika. Na iliyofuata pia. Nikipita mchana, jua likiwa limetoka, hakuna kitu. Niliporudi kutoka Ngungu, ambako baridi ni kali kuliko Kingi, taa haikuwaka hata mara moja. Nilianza kuipima kona yenyewe badala ya matairi. Niliipita taratibu, niliipita kwa kasi, niliipita nikitokea upande wa pili. Asubuhi ya baridi ilikuwa inawaka, na kila mara nilisimama nikashuka, kwa sababu mtu aliyenifundisha alisema nisiizoee. Kila mara nilishika matairi manne, moja baada ya jingine, na kila mara nilihisi yale macho.

Katika miezi hiyo sikuwahi kwenda kwake kutoa pole. Nyumba yake ilikuwa mahali fulani nyuma ya kona ile; nilijua hivyo tu, maana siku zote alishuka barabarani na kumalizia kwa miguu. Nilijiambia kwamba masanduku ya barafu hayangoji. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mke wake. Niliogopa aniulize kama nilisikia kile kikohozi.

Asubuhi moja Papa alikuwa nami tena. Taa ilipowaka aliweka mkono juu ya sanduku la chanjo lililokuwa magotini pake.

"Dada, wewe haukumuzika," akasema.

"Nilikuwa Walikale. Unajua."

"Minajua. Minasema tu. Kwetu, mutu mwenye wenzake ya kazi hawakumuzika, wazee wanasemaka iko anawaita mara moja moja. Mimi niko mutu wa kanisa, siamini sana." Akatazama taa. "Lakini hii kitu inakuita wewe, haiite mimi."

Sikulala vizuri siku hiyo. Kesho yake nilipeleka jipu Kitshanga kwa fundi.

Fundi huyo alikuwa na banda nyuma ya soko, kati ya mafundi pikipiki na wauza ng'ombe. Alikuwa mzee asiyeongea sana, na alikuwa na kijimashine kidogo kama simu, ambacho alikichomeka chini ya usukani. Nilimweleza habari ya kona. Hakucheka. Alizunguka jipu lote akiwa na kile kijimashine, akakisogeza kwenye kila gurudumu, kisha akarudi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Gari yako iko na magurudumu tano mu kichwa," akasema.

"Nne."

"Mu kichwa yake ni tano. Sikiliza, Mama. Ndani ya kila gurudumu kuko kitu kidogo, sawa kidole gumba. Kinapima upepo, kinatuma habari mu hewa. Kila kimoja kiko na namba yake. Gari haisikilize zingine, inasikiliza tu namba zake. Hizi ine nimeziuliza, zimejibu. Ile sekuru yenye uko nayo haina kitu ndani. Njo kusema ya tano haiko hapa."

"Kama haiko hapa, mbona inasema?"

"Hapa haisemi. Inasema kule kwenye unapita."

Pikipiki zilikuwa zinapita nyuma yetu kwa kelele, na bado nakumbuka sentensi ile kana kwamba tulikuwa ndani ya chumba kilichofungwa.

Nilimwuliza inawezekanaje gurudumu lisilo kwenye gari, lisilozunguka, lililolala mahali miezi yote. Akasema mengine hulala kabisa yasipozunguka, mengine hayalali. Upepo ukishuka, kile kitu kinaamka na kutoa habari, hata kama gurudumu liko chini. Asubuhi baridi inakunja upepo, unashuka chini ya kipimo, linaita. Jua likitoka, upepo unajinyoosha, linanyamaza. Sauti yake haifiki mbali, lazima gari lipite karibu sana.

"Na mahali pengine kote, mbona gari halilalamiki kwamba moja limepotea?"

"Gari ya zamani hii. Kama haisikie kitu, inanyamaza. Inasemaka tu kama inasikia mubaya." Alichomoa kijimashine. "Mi naweza kufuta ile namba, sasa hivi. Itaisha."

Nilisema bado.

Nilirudi Kingi siku mbili baadaye, alfajiri, peke yangu. Taa iliwaka mahali pake. Nilizima injini, na mara hii sikuzunguka matairi. Nilipanda kingo. Udongo ulikuwa umelowa, nilipanda kwa mikono na magoti, nikishika manyasi. Juu, hatua tatu tu kutoka ukingoni, palikuwa na kaburi. Lilikuwa la udongo, limezungushiwa mawe, na upande wa kichwa, badala ya msalaba wa saruji, lilisimamishwa gurudumu, nusu yake ndani ya ardhi. Msalaba wa mti ulikuwa umefungwa kwa waya katikati ya chuma chake. Manyasi yalikuwa yamerefuka upande wa barabara hata mtu aliye chini asingeliona kamwe.

Nililigusa. Lilikuwa baridi kuliko baridi ya asubuhi, na laini kidogo, kama tunda lililoanza kuiva.

"Leo umepanda," sauti ikasema.

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye shamba la maharage, jembe mkononi, kitenge kimefungwa mpaka mabegani kwa ajili ya baridi. Hakuonekana kushangaa. Nilijua ni mke wake kabla hajanisogelea. Nilianza kusema pole.

"Karibu, Mama muganga," akasema. "Mimi nakuonaka siku zote. Mu asubuhi, unasimamisha gari hapa chini, unashuka. Unagusa magurudumu moja moja, pole pole, kisha unaenda. Nikaambia watoto: musimusumbue, anamulilia kaka yake namuna ya kazi yao."

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Miezi yote ile nilidhani natazamwa na kitu nisichoweza kukitaja, na alikuwa yeye, akiwa na jembe lake, akiniheshimu.

Ningeweza kumwacha aamini hivyo. Nilimweleza kila kitu: taa, fundi, namba ya tano, na woga wangu. Nilimweleza na kikohozi. Alisikiliza akiwa amesimama, akiegemea mpini.

"Kikohozi hata mimi nilisikia," akasema baadaye. "Mutu yote ya Kingi alisikia. Yeye njo hakusikia."

Kisha akanieleza siku za mwisho. Mumewe alifika na gurudumu, akaliziba jioni ile ile ukumbini. Alikuwa na homa, akasimama juu ya pampu ya mguu, akapiga, akapumzika, akapiga. Mke alimwomba aache. Akasema mtu wa gari hawezi kulala na tairi tupu ndani ya nyumba. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Kesho yake hakuamka kitandani. Siku ya nne, akiwa anaongea maneno yasiyoshikana, alirudia moja lililoshikana: wapeleke sekuru kwenye gari. Lakini gari lilikuwa Walikale, na barabara ilifungwa, na siku ya sita akafa.

"Nikaiweka hapa ili mukipita muione," akasema. "Nilifikiri mutaona, mutasimama, mutachukua. Kisha manyasi yakapanda, na wewe ukaanza kusimama, nikasema basi, ameona, ameiacha kwa heshima."

Ukungu ulikuwa unapita kati yetu na msalaba. Nilitaka kumwuliza kama, usiku au asubuhi, aliwahi kusikia au kuona kitu hapo, sikuuliza. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Ile upepo yenye iko ndani, ni ile ile yenye alitia?"

"Ndiyo. Ni ile ile. Imepungua kidogo tu."

Alipiga magoti, akatafuta kifuniko cha valvu kwa vidole, akakifungua. Nilidhani anataka kuutoa wote na nilikaribia kumzuia. Alibonyeza kwa ukucha, kidogo sana, na upepo ukatoka ukipiga kiganja chake cha pili. Ulikuwa na harufu ya mpira na vumbi la zamani. Aliusikiliza kwa uso wake wote. Halafu akaachia, akafunga kiganja kana kwamba kina kitu ndani, akakiweka kifuani chini ya kitenge.

"Iko baridi," akasema tu.

Nilishuka kwenye jipu nikaleta pampu yangu ya mguu. Nilimwomba ruhusa, akatikisa kichwa kukubali. Nilipiga mpaka kipimo kikafika mahali pake, na yeye alishika msalaba usitikisike. Upepo wangu ukaingia juu ya ule wa mumewe. Nilipowasha gari, taa ilikuwa imezimika, na iliendelea kuwa hivyo mpaka nilipoacha kona nyuma yangu.

Fundi sikumrudia. Kwa karibu mwaka mzima niliacha namba ile ibaki. Kila baada ya wiki kadhaa, upepo ulipovuja na baridi ilipokaza, taa iliwaka kwenye kona, nami nilijua ni wakati wa kupanda na pampu. Mke wake, niliyeanza kumwita Mama, alinipa viazi vya moto, au chai. Mara nyingine hakuwepo, nilipampu peke yangu na kuondoka. Papa wa Walikale alikuja nami mara moja. Alivua kofia, akasimama mbele ya kaburi akaongea Kinyanga, lugha ya kwao, kwa dakika chache, maneno ambayo hakunitafsiria, kisha akafanya ishara ya msalaba, akashuka kwenye gari akionekana mwepesi.

Halafu mapigano yakarudi, mara hii Kingi kwenyewe, na watu wakahama. Nilimkuta Mama wiki nyingi baadaye Kitshanga, kambini, kwenye mstari wa chanjo, amebeba mjukuu mgongoni. Alikuwa amekuja na sufuria mbili na godoro. Aliniuliza kama nimepita kule. Nikasema bado, barabara imefungwa.

Ilifunguliwa mwanzoni mwa msimu wa baridi. Nilipita alfajiri. Baridi ilikuwa kali, na kona nzima taa haikuwaka. Nilisimama hata hivyo, nikapanda. Kaburi lilikuwepo, mawe yalikuwepo, msalaba ulikuwa umelazwa chini kwa uangalifu, waya wake umekunjwa pembeni. Gurudumu halikuwepo. Palibaki mfereji wa udongo mweusi ulioshika umbo la tairi, na majani ya chini yake yalikuwa meupe kama kitu kilichokaa gizani. Umande ulifunika shamba lote, mpaka mbali, bila unyayo hata mmoja wa mtu wala wa mnyama. Niliweka kiganja ndani ya mfereji ule. Udongo ulikuwa na joto.

Nilisimamisha msalaba, nikaukandamiza kwa mawe, nikashuka.

Jumatano iliyofuata nilikuwa Kitshanga. Mama alikuja na mjukuu kwa dozi ya pili. Nilimpeleka pembeni nikamwambia nilichoona, na nilichogusa. Alikaza fundo la kitenge.

"Basi wenye walichukua gurudumu walikuwa wametoka tu pale, njo maana udongo ulikuwa na joto," akasema.

"Sikuona mtu. Na umande haukukanyagwa."

"Hapana?"

"Hapana."

Mtoto alianza kulia mgongoni. Akamzungusha mbele, akamfunua mguu kwa ajili ya sindano, akamshika goti ili nisikosee.

"Musalaba umeuacha umesimama?" akauliza.

"Nimeuacha umesimama."

"Aksanti," akasema, akanipa kadi ya mtoto niandike.